Droni Ilipovuka Uzi wa Nana Simona

Otilia Chiroy alikuwa na ugonjwa mmoja: kitu kikifanya kazi vizuri jana, aliamini kitafanya kazi vizuri mpaka kiama. Ugonjwa huo ulimzidi alipokuwa na droni yake mkononi. Alikuwa ameitumia kwenye harusi, kwenye ubatizo, kwenye sherehe za mabinti wanaotimiza miaka kumi na mitano wakishuka ngazi na magauni mapana kama mahema, na haikuwahi kugusa hata jani. Ilikuwa na macho mbele, nyuma, juu, chini na pande zote mbili. Ikiona mti inasimama, ikiona ukuta inajivuta pembeni. Kazi ya Otilia ilikuwa kushika rimoti na kupokea sifa.

"Inakwepa yenyewe," aliwaambia watu. "Mimi namalizia tu."

Siku ya Watakatifu Wote ilipofika, alitia droni ndani ya begi, akaliweka mgongoni, akapitia makaburini kwanza kumwamkia mama yake. Upepo wa Novemba ulikuwa umeshashika kasi. Mji mzima wa Sumpango ulikuwa umehamia huko na kwenye uwanja wa jirani, na nyumbani walibaki kuku tu. Juu ya makaburi zilijaa tiara za karatasi laini za rangi zote, na chini ya kila tiara kulikuwa na mtu amesimama juu ya mfu wake, ameshika uzi, shingo kaipinda kutazama angani, maana kwa tiara ndivyo mji ule unavyowaita wafu wake siku hiyo.

Mama yake, Nana Simona, hakuwa amesimama. Yeye alikuwa na miaka yake na magoti yake, kwa hiyo alikalia kiti cheupe cha plastiki kando ya tuta la mumewe, shali lake la zambarau begani. Tuta lilikuwa limetandazwa majani ya misonobari na maua ya manjano. Mkono wa kulia alishika uzi wa tiara yake. Mkono wa kushoto alifukuza nzi kwenye sufuria ya fiambre: mboga na nyama na zeituni zilizolala usiku kucha ndani ya siki, nyekundu pyuu kwa bitiruti. Nana Simona alitia bitiruti nyingi kuliko mtu mwingine yeyote mjini, na hakuruhusu mjadala.

"Umekuja kukaa au umekuja kupita?" aliuliza, macho yakiwa juu.

"Napita kidogo, mama. Mjomba Eulogio ananisubiri uwanjani. Wanasimamisha tiara kubwa mchana huu, nani atawapiga picha?"

"Mwaka jana ulipita. Mwaka juzi ulipita. Baba yako atadhani wewe ni muuza aiskrimu."

"Nitarudi kula, mama. Naapa."

"Usiape hapa. Wanasikia."

Kando ya kiti, juu ya mkeka, alikaa mwanamume wa makamo ambaye Otilia hakumjua. Alikuwa anakula fiambre haraka haraka huku ameinamisha kichwa.

"Na huyu ni nani?"

"Uzi wake umevuka wangu asubuhi," Nana Simona alisema. "Nimeufuata mpaka kule kwenye ukuta, nikamkuta, nikamleta."

Otilia hakuuliza zaidi, maana mambo hayo alikua nayo. Nyuzi mbili zikivukana makaburini, mwenye kuvukwa hufuata uzi wake mpaka ampate aliyemvuka. Aliyekosea huja, hukaa kwenye kaburi la mwenzake, hula alichopewa na kulitaja jina la aliyelala pale. Baada ya hapo hakuna ugomvi, hata kama mlikuwa mnagombania mpaka wa shamba tangu enzi za babu zenu. Lakini kumkatia mtu uzi kabisa, hilo ni jambo jingine. Hapo Nana Simona angekufuata mpaka jikoni kwako.

Yule mwanamume alifuta mdomo, akavua kofia. "Macedonio Chiroy," alisema kwa sauti, akilielekea tuta. "Apumzike vizuri." Kisha akaondoka upesi, maana bitiruti ile haikuwa ya kila mtu.

Otilia alitazama pembeni jina lile liliposemwa. Tangu baba yake azikwe, miaka mitatu sasa, yeye hakuwa amelitamka. Akiwa na kazi, siku zilipita. Alijua kabisa kwamba siku atakayokaa pale chini, kando ya tuta lile, na kulisema jina lile, basi baba atakuwa amekufa kweli. Kwa hiyo kila tarehe mosi Novemba alikuwa na kazi. Kama hakuna aliyemwita, alijitafutia.

"Na hilo dude lako," mama yake alisema, akilionyesha begi kwa kidevu, "likinivuka je?"

"Haliwezi kukuvuka, mama. Lina macho sita. Likiona kitu mbele linakwepa."

"Baba yako alikuwa na macho mawili na miwani juu yake, na siku ya harusi aligonga mlango wa kanisa."

"Hakuwa droni."

"Hapana," alisema Nana Simona. "Yeye akigonga, aliomba radhi."

Hapa ndipo pa kumshangaa Otilia. Huyu ni mtoto wa Macedonio Chiroy, mtu aliyemfundisha kushika uzi kabla hajajua kushika kijiko. Alijua kwamba siku hiyo hewa ya Sumpango ina nyuzi kuliko hewa yenyewe, nyingine nyembamba hata mtu akisimama chini yake hazioni. Mtu mwingine yeyote wa mji ule angekuambia. Lakini macho sita yalikuwa yamemziba macho yake mawili. Alimbusu mama yake kichwani akaenda zake.

Uwanjani, tiara kubwa ya kikundi cha Mjomba Eulogio ilikuwa imelala chali, pana kuliko nyumba, karatasi juu ya karatasi, kazi ya tangu Juni. Watu walikuwa wanakaza kamba na kuhesabu mianzi. Mjomba alikuwa anafokea kila mtu, jambo lililoonyesha kwamba mambo yanakwenda sawa. Mwanawe Anselmo, binamu yake Otilia, alikuwa na kipande cha mkate mkononi na maneno mdomoni kama kawaida.

"Dada, huyo kunguru wako akituangukia juu ya karatasi zetu, tutakufunga wewe kwenye mianzi tukupandishe badala yake."

"Kunguru wangu haangukii kitu."

"Kila kinachoruka huanguka."

"Hiki kinaona. Tazama."

Basi akairusha droni, ikanguruma ikapanda, akaielekeza kwenye msonobari ulio pembeni ya uwanja na kuiachia mwendo wote. Watu wakapiga kelele. Hatua chache kabla ya matawi droni ilisimama yenyewe, ikaning'inia pale kama nyuki aliyesahau alichofuata.

"Eeeh!" watu walisema.

"Rudia!" alisema mama mmoja muuza peremende, ambaye alikuwa hajaona vizuri. Akarudia. Ikasimama tena. Akarudia kwa ajili ya watoto wa muuza peremende. Mara ya nne alirudia kwa ajili ya mtu ambaye hakuomba.

"Haya, nimekubali," Anselmo alisema. "Kunguru wako ana jini ndani."

Otilia alicheka. Kichwa chake kilikuwa kimevimba, kofia ilibana. Bado mianzi ilikuwa inakazwa, muda upo, kwa hiyo aliona apige picha ya makaburi kwa juu: tiara zikiwa chini, mji nyuma yake, na vilima nyuma ya mji. Akaipeleka droni juu ya ukuta, ikapita na upepo, ikateremka taratibu katikati ya zile rangi. Picha ilikuwa nzuri ajabu. Alitazama kioo cha rimoti kwa jicho moja, na jicho la pili lilikuwa kwa Anselmo, maana Anselmo alikuwa anamwigiza Mjomba anavyofoka na hakuna aliyeweza kuacha kumtazama.

Picha ikainama.

Hakuna kilichopiga kengele. Rimoti ilikuwa kimya, na taa zote zilikuwa za kijani. Kwa macho yake sita droni haikuona kitu chochote, na kama haikuona, basi hakikuwepo. "Upepo," Otilia alijisemea. Ikainama tena, ikatikisika. Akabonyeza kitufe cha kuirudisha nyumbani, kama alivyofanya mara nyingi, na akangoja ijirudie yenyewe.

Droni iligeuka. Ilianza kurudi kinyume cha upepo, lakini ilikuja kiupandeupande, kama mtu anayevutwa sketi. Makaburi yakapanda kwenye kioo. Anga. Maua ya manjano. Anga tena. Kisha kitu cheupe, na juu ya kile cheupe shali la zambarau lilijaza kioo chote, na kioo kikawa cheusi.

Otilia alilijua lile shali. Nana Simona halitoi begani hata jikoni.

"Dada?" Anselmo aliita. "Otilia? Kuna nini?"

Alikuwa ameshaidondosha rimoti. Alikimbia. Aliruka kamba za tiara kubwa, Mjomba akamfokea, hakusikia. Langoni watu walikuwa wamebanana, akapenya katikati yao kwa viwiko, akakanyaga miguu, akakanyaga maua ya watu, jambo ambalo hajawahi kulifanya maishani. Simu haikuwa na maana. Nana Simona huacha simu yake nyumbani siku hiyo, anasema inawashtua marehemu. "Mama!" aliita. "Mama!" Wanawake wengi waligeuka, na hakuna aliyekuwa yeye.

Kiti cheupe kilikuwa kimelala ubavu, mguu mmoja umevunjika. Droni ilikuwa juu yake, imepinduka, pangaboi moja likiwa bado linatetemeka. Chini yake kulikuwa na shali. Lilikuwa limelowa wekundu kutoka upindo mmoja mpaka mwingine, na wekundu ulikuwa umeruka mpaka kwenye majani ya misonobari.

Mama hakuwepo.

Otilia alitazama nyuma ya msalaba wa baba yake. Kwenye kaburi la pili alikuwepo Nana Tránsito, jirani wa miaka mingi, rozari mkononi.

"Nana, mama yangu yuko wapi?"

"Nilikuwa nimefumba macho, mwanangu, naombea. Nikasikia kishindo. Nafumbua, kiti kiko chini, Simona hayupo." Alipiga ishara ya msalaba. "Wazima moto wamepita hapo wamembeba bibi mmoja."

"Bibi gani? Mama?"

"Uso sikuuona. Lakini shali hakuwa nalo."

Otilia aliliokota lile shali, zito kwa majimaji, akalikumbatia kifuani na kukimbia tena. Hema la wazima moto wa kujitolea, wanaotoa huduma ya kwanza, lilikuwa upande wa pili, mbali kweli. Njiani hakuomba Mungu kwa maneno ya maana. Alisema tu, nitakaa, nitakaa, nitakaa, kama mtoto anayeona fimbo. Aliiona miaka mitatu ile aliyopita mbio kando ya tuta, na mama yake ameshika uzi peke yake. Alijua kwamba kama mama amekufa atakuwa ameuawa na kitu ambacho yeye alisema kinaona.

Ndani ya hema palikuwa na machela moja. Juu yake alilala bibi mwenye nywele za mvi, zimesukwa misuko miwili, uso umeelekea turubai. Otilia alipiga magoti akamshika mkono.

"Mama, nisamehe! Ni mimi, mama. Nisamehe!"

Bibi aligeuka polepole. Hakuwa na jino hata moja, na Otilia hakuwahi kumwona maishani mwake.

"Nimekusamehe, mwanangu," bibi alisema kwa upole. "Ila mimi nina watoto wa kiume tu."

"Amejikwaa kwenye shimo," alisema mzima moto, msichana mwenye buti kubwa kuliko yeye. "Kifundo cha mguu. Wewe una nini, dada? Umeumia wapi?"

"Si mimi. Mama yangu. Droni imemwangukia, haonekani, mmembeba mtu mwingine? Tazama damu hii!"

Msichana alilichukua shali kwa mikono miwili, uso umebadilika. Alilikunjua. Akalitazama. Akalisogeza karibu na pua, akanusa, akanusa tena.

"Dada," alisema. "Damu ya mama yako ina siki?"

"Nini?"

"Nusa."

Otilia alinusa. Siki ilimpanda mpaka kwenye macho.

"Na hii hapa," msichana aliendelea, akichomoa kitu cha mviringo kwenye mkunjo, "ni zeituni."

Bibi wa machela aliinua kichwa. "Fiambre nyekundu? Nani anatia bitiruti yote hiyo?"

Otilia alikaa chini, palepale penye vumbi. Alianza kucheka, kicheko kikageuka kilio, kilio kikageuka tena, na msichana wa watu hakujua amletee maji au amwache. Roho yake ilikuwa imerudi nusu. Nusu nyingine ilikuwa bado inamtafuta mama.

Haikumtafuta sana. Nje ya hema ilisikika sauti ambayo Otilia angeitambua hata akiwa ndani ya kaburi mwenyewe.

"Siondoki! Aliyekata uzi wangu ajitokeze, la sivyo nitauliza kaburi kwa kaburi mpaka mbingu ifungwe!"

Nana Simona alikuwa anakuja na njia, mabega wazi, uzi uliokatika ameuzungusha mkononi kama bandeji. Nyuma yake walimfuata wanaume watatu, kila mmoja amebeba tiara yake nzima na uzi wake mzima, kuthibitisha kwamba si yeye.

Otilia alimrukia. Alimkumbatia kiasi cha kumwinua miguu kutoka chini.

"Niache! Mbavu zangu! Nani amekufa?"

"Hakuna, mama. Hakuna aliyekufa."

"Sasa unalia nini?" Kisha akaliona lile shali. "Na nani amemwaga chakula kwenye shali langu?"

Otilia alitaka kusema yote kwa pamoja, akameza mate, akaanza na lililo kubwa. "Uzi wako, mama. Ni mimi. Ni droni iliyoukata."

Wale wanaume watatu walitazamana, na mmoja akashusha pumzi ndefu.

"Nana," alisema, "mimi umeniita mwizi mbele ya wakwe zangu."

"Mara mbili," alisema wa pili.

"Nitaleta mkate kesho," Nana Simona alijibu bila kuwatazama. "Nendeni." Wakaenda, haraka. Yeye alimtazama binti yake. "Eleza."

"Eleza wewe kwanza, mama. Ulikuwa wapi?"

"Wapi? Nimekaa pale kwa amani yangu. Uzi ukawa mzito ghafla, ukaanza kutingishika. Nikajua kuna mpumbavu amenivuka. Nikangoja aje kuomba radhi kama mtu aliyelelewa. Haji. Joto likanipanda, nikavua shali, nikaweka kwenye kiti na sahani yangu juu yake, nikashika uzi, nikaanza kuufuata. Sijafika kaburi la akina Xiquín, pwaa! Umekatika. Tiara imekwenda zake kule vilimani." Alikunja uso. "Nikasema leo lazima nimjue mtu huyo."

"Hapakuwa na mtu, mama. Ulikuwa unamtafuta mtu ambaye hayupo."

"Yupo. Ndiye ninayeongea naye."

"Mama, nisikilize." Otilia alimshika mikono. "Droni imeangukia kile kiti. Mguu wa kiti umevunjika. Pale ulipokuwa umekaa."

Nana Simona alitazama uzi mkononi, akatazama upande wa makaburi, na midomo yake ikajikaza. Hasira yake ya dakika zile chache ndiyo iliyomtoa kwenye kiti. Angekuwa mwanamke mpole, angekuwa amekaa.

"Hicho chombo chako," alisema baadaye, kwa sauti ya chini, "kinaonaga nini hasa?"

"Vitu vinene, mama. Miti. Kuta. Watu."

"Basi kingeniona mimi."

"Kingekuona."

"Mbona kimeangukia kiti?"

"Kikishaanguka hakioni kitu. Kilinaswa na uzi. Uzi hakiuoni."

"Uzi hakiuoni," alirudia Nana Simona. "Wewe je?"

Otilia alifuta pua. "Mimi nilikuwa namtazama Anselmo."

Walirudi taratibu, wameshikana mikono, wakiomba radhi kwa kila kaburi ambalo Otilia alikuwa amelikanyaga, na hayo hayakuwa machache. Kaburini waliichomoa droni kwenye kiti. Mguu mmoja wa droni ulikuwa umeng'oka, na kwenye pangaboi moja ule uzi mwembamba ulikuwa umejisokota mara nyingi, umekaza kama kifungo cha gunia la mahindi. Otilia aliutazama akaona haya ya kweli. Kifundo kile hata mtoto wa shule wa Sumpango angekitabiri.

Simu yake ililia. Ni Mjomba Eulogio.

"Uko wapi wewe? Tunainua sasa hivi!"

"Mjomba, droni imeanguka."

"Imeangukia nini?"

"Kiti."

"Mtu?"

"Hakuna mtu, mjomba. Mama mzima, kila mtu mzima."

Alisikia Mjomba akishusha pumzi kisha akikumbuka kufoka. "Na picha je? Kazi ya tangu Juni!"

"Anselmo apige kwa simu."

"Anselmo hukata watu vichwa! Njoo wewe na simu yako!"

Hapo ndipo Otilia alipokuwa akisema kila mwaka, nakuja. Alimtazama mama yake, ambaye alikuwa amekaa kwenye mkeka na alikuwa anajifanya hasikii.

"Siwezi, mjomba. Nimevuka uzi wa watu. Nimeukata kabisa."

Mjomba Eulogio alikuwa na maneno ya kila kitu duniani, lakini alizaliwa mji ule ule.

"Basi kaa," alisema, na akakata simu.

Otilia akakaa. Majani ya misonobari yalikuwa baridi na yalimchoma miguuni. Sufuria ilikuwa salama, droni haikuifikia. Nana Simona alimpakulia, akalivuta shali lake lililoharibika begani vilevile, na siki yake yote.

"Kula."

Akala. Ilikuwa na bitiruti nyingi mno, na kwake ilikuwa tamu, akala yote na kusafisha sahani kwa mkate. Mama yake alingoja, mikono magotini, kama alivyomngojea yule mwanamume wa asubuhi.

"Sasa taja."

"Mama, jina lake unalijua."

"Mimi nalijua. Taja."

Otilia alitazama tuta, maua, msalaba wenye herufi alizozichora mwenyewe miaka mitatu iliyopita, kabla ya kuanza kulikimbia kaburi lile. Alidhani atashindwa. Kisha alikumbuka kwamba saa moja iliyopita, akikimbia na shali kifuani, angetoa kila alichonacho ili apewe nafasi ya kukaa hapa na mtu huyu mmoja akiwa hai kando yake.

"Macedonio Chiroy," alisema. Sauti ilitoka ndogo. Akasema tena, vizuri zaidi: "Macedonio Chiroy. Baba. Ni mimi, Otilia. Nimechelewa."

Alilia tena, ila safari hii hakuna kilichomkimbiza. Nana Simona hakumnyamazisha. Alichomoa kipande cha karatasi ya tiara kwenye nywele za binti yake, akakiweka juu ya tuta.

Kutoka uwanjani zilisikika kelele za watu wanaovuta kamba, na sauti ya Mjomba juu ya zote. Nyuma ya ukuta wa makaburi rangi zilianza kupanda, kidogo kidogo, nyekundu, kisha buluu, kisha duara zima la ile tiara kubwa likasimama wima na upepo ukaligonga, likanguruma. Kwa miaka mingi Otilia hakuwa ameiona ikisimama kwa macho yake. Miaka hiyo alikuwa anaitazama kwenye kioo kidogo cha kiganjani. Alikuwa amesahau kwamba inatoa sauti.

"Inanguruma," alisema.

"Ndiyo maana wafu huja, huisikia," Nana Simona alijibu. Aliufungua ule uzi uliobaki kutoka mkononi, akampa binti yake. "Kusanya. Na kesho utanitengenezea tiara nyingine, hii yangu imeshafika kwa watu wengine."

"Kesho nina har…" Otilia alianza, akajikata mwenyewe. "Nitatengeneza, mama."

Alianza kuuzungusha uzi kwenye kijiti cha uzi kilichokuwa cha baba yake, akiupitisha kati ya kidole gumba na cha shahada kama alivyofundishwa, na palipokatika akapiga kifundo. Nana Simona, ambaye sasa hakuwa na kiti, alisogea, akaegemea bega la binti yake kwa uzito wake wote, akafumba macho. Otilia hakusogea, hata mguu wake ulipoanza kufa ganzi.